Diski ya pamoja nyumbani: folda ya Windows, USB ya ruta, Raspberry Pi au NAS?

Mwalimu_Tororo
Habari zenu wataalamu. Nyumbani kuna kompyuta ya mezani ya Windows 10, laptopu mbili za Windows 11 Pro (zote toleo 24H2) na simu tatu za Android. Nataka sehemu moja ya kuweka picha, nyaraka za shule na video, bila kumaliza bando kwa kupandisha kila kitu intaneti. Folda niliyoifungua kwenye ya mezani inaonekana kwa laptopu moja, nyingine inatoa kosa 0x80070035. Diski niliyochomeka kwenye USB ya ruta inafunguka kwa simu, ila laptopu zote mbili zinaikataa. Nilinganishieni njia nne zilizo kwenye kichwa cha habari: folda ya Windows, diski kwenye USB ya ruta, Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) na NAS (boksi la diski linalokaa kwenye mtandao). Umeme ni wa Yaka (wa kulipia kabla) na hukatika.

waya_nane (Ntinda)
Mwalimu, pima kwanza kabla ya kununua chochote. Hitilafu zako hazifanani. Folda ya mtandao hufunguka baada ya mambo matatu kupita kwa zamu: laptopu ifike kwenye mashine, mashine ikutambue wewe ni nani, kisha folda yenyewe ikuruhusu. Ukikimbilia ruhusa huku njia imekatika, utabadilisha mipangilio mpaka usiku wa manane bila faida, na njia ikirudi utakuta folda umeiacha wazi kwa kila mtu.

Kwenye laptopu inayogoma fungua PowerShell, uandike (weka IP, yaani anwani, ya kompyuta yako ya mezani; 445 ni mlango wa folda za mtandao):

`Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445`

Ikijibu `TcpTestSucceeded : True`, njia ipo. Ikijibu False, andika `ipconfig` kwenye mashine zote mbili. Kama moja ina 192.168.1.x na nyingine 192.168.0.x, ziko nyuma ya ruta mbili tofauti, na hapo folda inaweza kugoma kufunguka. Kama zinafanana, angalia kwenye ya mezani kama mtandao umewekwa "Public". Ugeuze uwe "Private", maana Windows hufunga mlango 445 kwenye mtandao wa hadhara. Angalia pia kama laptopu imeingia kwenye Wi-Fi ya wageni. Mitandao ya wageni huzuia vifaa visionane, na ruta nyingi zina swichi ya "AP isolation" inayofanya hivyo hivyo hata kwenye Wi-Fi ya kawaida.

Njia ikiwa nzuri, achana na kubofya ikoni. Fungua Command Prompt ya kawaida, si ile ya msimamizi, kwa sababu herufi ya diski uliyoiunganisha upande wa msimamizi haitaonekana kwenye File Explorer. Andika:

`net use Z: \\192.168.1.20\familia`

Namba ya kosa ndiyo inayokuambia ukweli. 53 ni njia haipo. 67 ni jina la folda limekosewa. 86 au 1326 ni jina la mtumiaji au neno la siri. 5 ni umetambuliwa lakini huna ruhusa. 1219 ni kwamba tayari umeingia kwenye mashine ile ile kwa jina lingine. Andika `net use * /delete` kisha urudie. 1272 ni Windows inakataa kuingia kama mgeni asiye na neno la siri. 384 ni kifaa cha upande wa pili kinaongea SMB1 tu, toleo la zamani la SMB, lugha ya folda za mtandao.

Tuletee namba za laptopu zote mbili, kwa ya mezani na kwa ruta.

Jinja_mtoni
Kuhusu ruta naweza kujibu bila hata kuona namba: itakuwa 384 au 1272. Programu za ndani za ruta nyingi ni za zamani na huongea SMB1, itifaki ambayo Windows 10 iliacha kuiweka kwa kawaida kuanzia toleo 1709 la mwaka 2017, mwaka ule ule kirusi cha WannaCry kilipopita kwenye udhaifu wake. Nyingine huongea SMB2 lakini humpokea kila mtu kama mgeni. Windows 11 Pro 24H2 inadai kila muunganisho uwe na sahihi, na mgeni hana cha kutilia sahihi, kwa hiyo anarudishwa mlangoni. Simu yako haidai hayo, ndiyo maana inafungua.

Mtandaoni utasoma ushauri wa kuwasha SMB1 kwenye "Windows Features". Tafadhali usifanye. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya USB, uweke jina la mtumiaji na neno la siri, na uchague SMB2 kama ipo. Kama haipo, tundu hilo libaki la printa.

Hata likikubali, usitegemee mwendo. USB 2.0 kwenye ruta ndogo husongwa na prosesa yake kabla ya waya. Diski ikiwa imefomatiwa kwa FAT32, faili lolote linalozidi GB 4 litagoma kunakiliwa na watu watalaumu mtandao. Halafu kuna umeme: USB 2.0 imeahidi mA 500 tu, na diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kutaka karibu mara mbili ya hiyo. Ukisikia inagonga tik-tik na kupotea, haijafa, ina njaa. Itoe kabla haijafa kweli.

bodi_kijani (Mbarara)
Naunga mkono Raspberry Pi. Hesabu ya Yaka kwanza: kompyuta ya mezani inayokula W 60 saa 24 inamaliza yuniti 1.44 kwa siku. Pi 4 yenye diski ndogo hukaa kati ya W 5 na 8, yaani yuniti 0.12 hadi 0.19. Kwa kitu kitakachowaka mwaka mzima, tofauti hiyo inalipia bodi yenyewe.

Vifaa: Pi 4 (RAM ya GB 2 inatosha kabisa), chaji ya 5V 3A ya kweli, kadi ya GB 16 au 32, SSD ya USB 3.0 kwenye tundu la bluu, na kebo ya mtandao mpaka kwenye ruta. Usitumie Wi-Fi kwa seva. Diski ifomati kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux, baada ya kuhamisha vilivyomo, kwa sababu kufomati kunafuta vyote. NTFS ya Windows inasomeka kwenye Linux, lakini umeme ukikatika katikati ya kuandika, siku inayofuata diski inaweza kufunguka kwa kusoma tu na kila mtu akaambiwa hana ruhusa. Kwenye `/etc/fstab` (orodha ya diski za kufunguliwa Pi inapowaka) iunganishe diski kwenye `/srv/familia` kwa UUID yake (namba ya utambulisho) na neno `nofail`, la sivyo siku diski haipo Pi nzima itagoma kuwaka.

Kisha weka Samba, programu inayoifanya Linux iongee SMB:

`sudo apt install samba wsdd`
`sudo groupadd familia`
`sudo useradd -M -G familia mwalimu`
`sudo smbpasswd -a mwalimu`
`sudo chgrp familia /srv/familia`
`sudo chmod 2770 /srv/familia`

Chini kabisa ya `/etc/samba/smb.conf`:

`[familia]`
`path = /srv/familia`
`read only = no`
`valid users = @familia`
`force group = familia`
`create mask = 0660`
`directory mask = 2770`

Endesha `testparm` kukagua tahajia, kisha `sudo systemctl restart smbd`. Hiyo mistari mitatu ya mwisho ndiyo watu husahau: bila hiyo, faili la mama linafunguka kwa watoto lakini halihaririki. `wsdd` ipo ili Pi ionekane kwenye orodha ya "Network" ya Windows. Isipoonekana haina maana imeharibika. Andika tu `\\` na IP yake.

waya_nane (Ntinda)
Naongeza kwa bodi_kijani: mpe Pi IP isiyobadilika kwa kuihifadhi kwenye DHCP ya ruta (sehemu inayogawa anwani). Umeme ukirudi vifaa vyote huomba anwani kwa pamoja, na seva inaweza kupewa nyingine. Asubuhi yake diski Z: ina alama nyekundu na mtu anaanza kubadilisha maneno ya siri yasiyo na kosa.

Kebo pia: gigabiti inahitaji nyaya zote nane. Kichwa kilichobanwa vibaya, jozi moja ikikosa kugusa, kitashuka hadi Mbps 100 bila kulalamika. Hapo faili la GB 4 litachukua karibu dakika 6 badala ya chini ya dakika moja.

kiti_cha_ofisi
Nawaheshimu, lakini mnamuuzia mwalimu kazi. Ya mezani anayo. Kama inawaka saa za jioni tu, na jioni ndipo faili zinapohitajika, folda ya Windows inatosha. Inayomwangusha karibu kila mtu ni akaunti. PIN ya Windows haifanyi kazi kupitia mtandao, kamwe. Ni ya mashine ile tu. Akaunti isiyo na neno la siri nayo hukataliwa kutoka mashine nyingine. Na anayeingia kwa akaunti ya Microsoft na PIN miaka yote hakumbuki hata neno lake la siri.

Kwa hiyo tengeneza akaunti ya kazi hii peke yake. Kwenye ya mezani, Command Prompt ya msimamizi:

`net user familia * /add`

Itakuomba neno la siri mara mbili. Halafu bofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, Sharing, Advanced Sharing, mpe "familia" Change na Read, umwondoe "Everyone". Rudi kichupo cha Security umpe "familia" Modify. Lazima pande zote mbili, kwa sababu Windows huchukua ruhusa iliyo finyu zaidi kati ya hizo mbili. Usizime "password protected sharing". Ukiizima unarudi kwenye habari ya mgeni, na 24H2 itakukatalia. Usishiriki diski C: nzima. Zima pia usingizi wa ya mezani ukiwa unaihitaji, maana ikilala folda inatoweka na kosa linakuwa 53 lile lile.

bodi_kijani (Mbarara)
Hapo kwenye akaunti uko sahihi kabisa. Ila Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Picha za familia kuziweka kwenye mashine isiyozibwa matundu tena, inayokula W 60, sikubaliani nako kama mpango wa muda mrefu. Kwa mwezi huu, sawa.

Jinja_mtoni
NAS ya dukani, Synology au QNAP yenye nafasi mbili, ni nzuri: inaongea SMB3, ina programu za simu, na UPS (betri ya akiba) ukiichomeka kwa USB inaambiwa izime kwa adabu betri ikikaribia kuisha. Ila bei ya boksi mara nyingi haina diski ndani. Na RAID 1 (diski mbili zenye nakala ile ile) inakukinga diski moja ikifa. Mtoto akifuta folda, inafutika kwenye zote mbili papo hapo. Kwa kompyuta tatu na simu tatu naiona ni nyingi.

Mwalimu_Tororo
Asanteni sana. Majibu haya hapa. Ruta: 1272 kwa laptopu zote. Ya mezani: laptopu ya kwanza inafungua, ya pili ni 53 na Test-NetConnection inasema False. Ya pili ina 192.168.0.104, ya mezani ni 192.168.1.20. Chumba cha nyuma kuna ruta ya zamani niliyoiweka kuongeza Wi-Fi.

waya_nane (Ntinda)
Basi tumempata. Hiyo ruta ya nyuma imejifanya lango la pili. Laptopu uiunganishe nayo kwa kebo, ingia kwenye ukurasa wake, uibadilishe IP iwe 192.168.1.2 (hakikisha iko nje ya anwani ambazo ruta kuu inagawa), zima DHCP yake, uhifadhi. Halafu kebo inayotoka ruta kuu ichomoe kwenye tundu la WAN (la intaneti) uichomeke kwenye mojawapo ya matundu ya LAN (ya vifaa vya ndani). Fuata mpangilio huo huo, la sivyo DHCP mbili zitagombana na nyumba nzima ikose intaneti. Laptopu ya pili ikipata 192.168.1.x, jaribu tena `net use`. Ikitoka 53 na kuingia 1326, umesonga mbele: fuata alichosema kiti_cha_ofisi kuhusu akaunti.

Mwalimu_Tororo
Imefunguka! Laptopu zote mbili sasa. Nitabaki na ya mezani kwa muhula huu, kisha ninunue Pi. Ile mini UPS ya ruta ina tundu la USB, Pi inaweza kula hapo?

bodi_kijani (Mbarara)
Soma lebo kwanza. Ikiandikwa 5V 2A au 5V 1A, hapana. Pi 4 inataka 3A. Ikiandikwa 3A, sawa kwa Pi na SSD moja, kwani matundu yote manne ya USB ya Pi 4 kwa pamoja hayatoi zaidi ya 1.2A, kwa hiyo diski ya pili itahitaji habu yenye chaji yake. Baada ya siku moja andika `vcgencmd get_throttled`. Ikijibu 0x0, umeme unatosha. Ikijibu 0x50000, ulipungua wakati fulani hata kama sasa hivi uko sawa. Badilisha kebo kwanza, halafu chaji. Na Pi 4 haina saa ya betri: umeme ukirudi kabla ya intaneti, tarehe za faili mpya zitakosea mpaka ipate mtandao.

Mwalimu_Tororo
Lebo inasema 5V 2A. Nitatafuta ya 3A.