Mtoto ako Texas, oda ilitoka Minnesota, kesi ni ya korti gani?

MamaLanet: Habarini wadau, usingizi umenipotea kabisa. Dadangu anaishi Minnesota, waliachana na bwanake na korti ya huko ikaamua mtoto akae na baba siku za shule, likizo aende kwa mamake. Mwaka jana bwana akapata kazi Texas akahama na mtoto, dadangu akakubali. Sasa likizo imefika hataki kumtoa, ati ameshamaliza miezi sita huko kwa hivyo oda ya Minnesota imekufa, mwenye shida aende Texas. Ni kweli? Mamangu hapa Nakuru ni kulia tu kila jioni.

Jakondele: Pole sana dada. Haijakufa! Hiyo miezi sita ni ya kesi mpya, pale hakuna korti imewahi kuamua chochote. Huko Marekani wako na sheria ya kesi za malezi ya watoto inaitwa UCCJEA, iliandikwa 1997 juu wazazi walikuwa wanatoroka na watoto kutafuta jaji wa kuwapendelea. Korti iliyoamua kwanza ndio inabaki na kesi bora mzazi mmoja bado anaishi hapo, na dadako bado yuko. Mwambie asihame Minnesota sasa, tafadhali, akihama naye hapo kweli mambo yatageuka.

Mwalimu_Kakamega: Naongezea, hiyo oda aisajilishe Texas, korti ya huko itaitekeleza tu, haina ruhusa ya kuibadilisha, labda mtoto awe anapigwa au yuko hatarini ndio waingilie kwa muda. Lakini asikawie, kwa sababu jaji wa Minnesota anaweza kuona shule, daktari na mashahidi wote wako Texas akaamua mwenyewe kuwaachia, na majaji wa majimbo mawili huwa wanaruhusiwa kuongea kuhusu kesi kama hiyo.

MamaLanet: Na mamangu anasema dadangu akimpata tu mtoto amlete huku Nakuru akae na shosho?

Jakondele: Hapana hapana. Kumtoa mtoto Marekani ili mzazi mwenzako asimpate ni jinai huko, kifungo hadi miaka 3. Na korti ya Minnesota bado itabaki na kesi. Shosho avumilie, apigiwe video.

MamaLanet: Nimempigia dadangu saa hii, kwao ni asubuhi. Oda anayo kwa droo, Jumatatu anaenda kortini kuuliza nakala iliyopigwa muhuri.