Nimepigwa mara ya pili: visanamu orijino vya maboksi ya kubahatisha mnanunua na kubadilishana wapi?

KabatiLaBaba

Wakuu, habari za humu. Niseme mapema ili mwenye kucheka acheke tuendelee: nina miaka 41, watoto wawili, na visanamu 63 vya maboksi ya kubahatisha (yale unayonunua bila kujua ndani yumo nani) ndani ya kabati la vioo lililokuwa la vikombe vya wageni. Vikombe vimehamia uvunguni. Mke wangu ameacha kuuliza.

Ugonjwa huu niliuleta mwenyewe. Binti yangu alipewa Sonny Angel siku ya kuzaliwa, yule mtoto mwenye vibawa na kofia, na wa kwake alikuwa na kofia ya stroberi. Nikasema ngoja nimtafutie mwenzake. Mwenzake akatafutiwa mwenzake. Baadaye nikahamia kwa visanamu vingine, Dimoo, Skullpanda na Hirono, na leo mimi ndiye ninayeamka usiku kuangalia toleo jipya huku mwenye siku ya kuzaliwa amelala fofofo.

Sasa kilichonileta. Mwezi uliopita niliagiza Labubu, yule mdoli wa manyoya mwenye masikio marefu, kwenye ukurasa mmoja mtandaoni. Picha safi, maoni ya wateja yamejaa nyota. Mzigo ukafika, nikafungua mbele ya binti yangu. Akamtazama, akanyamaza, akaanza kuhesabu kwa kidole. "Baba, huyu ana meno kumi na moja." Nikamwambia labda ni toleo maalumu. Akanitazama kama anavyonitazama nikiimba. Labubu ana meno tisa, hata mimi nilijua, moyo tu ulikataa. Na manyoya yananuka kama mafuta ya taa.

Kabla ya hapo nilinunua kwa mtu boksi la Hirono "halijafunguliwa". Gundi ya chini imepakwa mara mbili, na ndani ndiye yule yule ambaye kila mtu anaye.

Maswali yangu ni mawili. Mnanunua wapi vya uhakika? Na pili, nina vinavyojirudia tisa, wakiwemo Dimoo watatu wanaofanana kama mapacha. Nawezaje kubadilishana na mtu nisiyemjua bila kuliwa?

---

Jiwe_Kavu

Mtu mzima unahesabu meno ya mdoli. Dunia ina mambo.

---

FundiSaa

Jiwe Kavu, wewe pita tu salama.

Kaka Kabati, pole. Mimi natengeneza saa, kwa hiyo feki nazikuta mezani kila siku. Kilichokuponza si jicho lako, maana hata binti yako aliona. Ni kwamba ulifikiria meno baada ya hela kuondoka. Anza na muuzaji, bidhaa ije baadaye.

Kanuni yangu ni moja na haijanitupa: boksi lililofungwa nalinunua kwa mwenye chapa tu. Kwa mtu binafsi nanunua kisanamu kilichokwisha kufunguliwa, ninachokiona kwa macho. Watu wengi hufanya kinyume chake, wanaona lililofungwa ndilo salama zaidi. Fikiria kidogo. Mtu ana boksi ambalo ndani huenda mna kisanamu cha siri, yule adimu kuliko wote, kwa nini akuuzie wewe hiyo bahati? Wapo wanaopima maboksi kwa mizani ya jikoni, wapo wanaotikisa na kusikiliza, wapo wanaofungua kwa chini na kubandika tena. Linalokufikia ni lile ambalo bahati yake imeshakamuliwa. Hirono wako ndiyo hadithi hiyo hiyo.

Kwa hiyo kwa vya Pop Mart, kampuni ya Kichina (Dimoo, Skullpanda, Hirono, Molly, Labubu) nenda kwenye tovuti yao, programu yao ya simu, maduka yao, au zile mashine zao za kuuzia wanazoziita Robo Shop. Kwa Sonny Angel na Smiski (vile vinavyong'aa gizani), mwenye mali ni Dreams ya Japani. Sonny Angel alitoka mwaka 2004. Tovuti yao inaonyesha wauzaji wanaotambuliwa, na duka lisilokuwemo humo mimi silijadili. Pia kwenye masoko makubwa ya mtandaoni tofautisha duka rasmi la chapa na muuzaji aliyeweka nembo ya chapa kwenye picha yake. Nembo inanakiliwa kwa sekunde mbili.

Toleo likiisha ndipo walanguzi huingia, na hapo ndipo uvumilivu unapolipa. Labubu alichorwa na Kasing Lung mwaka 2015 na kwa miaka mingi hakuna aliyemgombania. Aprili 2024 Lisa, mwimbaji wa kundi la Blackpink, akaonekana naye, basi. Kufikia Juni 2025 mmoja mwenye kimo cha mtu aliuzwa mnadani Beijing kwa yuan milioni 1.08. Lakini mwezi huo huo kampuni ikamwaga mzigo mpya, na bei za walanguzi zikashuka kama ndoo iliyokatika kamba. Waliosubiri wiki chache walicheka. Mimi sikusubiri, ndiyo maana nakuambia.

Jinsi ya kukagua. Boksi la Pop Mart lina kibandiko cha kukwangua chenye msimbo wa kuskani. Kwangua, skani, lakini usitazame alama ya tiki ya kijani ukafurahi. Soma anwani ya tovuti iliyofunguka, herufi kwa herufi. Watengeneza feki wana tovuti zao zinazofanana na ya kweli, na zitakupongeza hata ukiskani pakiti ya chumvi. Na kama tovuti ya kweli inasema msimbo umeshaulizwa huko nyuma, na wewe ndiye uliyekwangua sasa hivi, jibu unalo.

Kisha tumia mikono na pua. Rangi iliyovuka mpaka wa jicho, mshono wa plastiki unaokwaruza kidole, karatasi ya boksi iliyofifia, harufu kali. Labubu orijino kichwa kinageuka na meno ni tisa, na matoleo ya karibuni yana alama mguuni inayoonekana chini ya taa ya UV. Nina kitochi cha UV cha kukagulia noti, kinafanya kazi zote mbili. Ila meno tisa peke yake siyo cheti, feki nazo siku hizi zimejifunza kuhesabu.

Huyo mwenye meno kumi na moja usimpe mtoto mdogo wa nyumbani. Agosti 2025 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilionya kuhusu hizo feki, zile wanazoziita Lafufu, kwamba zinabanduka vipande vidogo vya kumkaba mtoto.

---

Shangazi_wa_Smiski

Fundi kamaliza upande wa kununua, nami niongeze la kubadilishana maana huko ndiko ninakoishi.

Kwanza hesabu kidogo, kaka, usinichukie. Mfululizo wa kawaida una visanamu 12. Ukinunua boksi moja moja na kila kisanamu kina nafasi sawa, kuvipata vyote 12 kutakuchukua wastani wa maboksi 37. Thelathini na saba! Hao Dimoo watatu siyo mkosi, ni hesabu inayofanya kazi yake. Ukitaka seti nunua katoni nzima ya maboksi 12, kwa kawaida visanamu havijirudii ndani yake. Cha siri kisahau, mara nyingi ni kimoja katika maboksi 144, yaani katoni 12. Mimi katoni huwa tunachanga wanne, kila mtu anataja mapema anachokitaka, ugomvi unaisha kabla boksi halijafunguliwa.

Hao tisa wako ni mtaji. Vikundi vya wakusanyaji viko Facebook, Reddit na Discord. Ingia, kaa kimya wiki mbili, soma majina yanayosifiwa na yanayolalamikiwa. Kikundi kizuri kina orodha ya waliokwisha kubadilishana na ushahidi wake. Kisichokuwa nayo, toka.

Ukipata mtu, omba picha ya kisanamu pembeni ya karatasi yenye jina lake la kikundini na tarehe ya leo, imeandikwa kwa mkono. Omba na picha ya nyayo na kisogo, huko ndiko mikwaruzo hufichwa. Uliza kama kadi yake, ile inayokuja nacho ndani ya boksi, ipo, maana kadi ikipotea thamani inashuka, na wengine hukumbuka kutaja mzigo ukishatumwa. Ulizeni pia kama kimekaa dirishani. Jua hugeuza nyeupe kuwa njano, na picha iliyopigwa chini ya taa ya njano haisemi.

Nani atume kwanza? Mwenye sifa chache. Usione ni dharau, mimi nilitangulia kutuma mara tano za mwanzo. Kama wote ni wageni, tumeni siku moja na mpeane namba za kufuatilia mzigo kabla ya jioni. Pakia huku unajirekodi, kuanzia kisanamu mkononi hadi gundi ya mwisho, usikate video. Na ukipokea, fungua huku unarekodi vilevile. Iliniokoa niliposhutumiwa kwamba nimetuma Smiski aliyevunjika mkono. Video ilionyesha mikono yote miwili, shutuma zikafa.

Pakiwa na fedha za kujazia, lipa kwa njia ya kununua bidhaa. Kwenye PayPal mtu akikwambia tumia ile ya kutumiana ndugu na marafiki ili kuokoa ada, mwambie undugu haujafika huko. Njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi.

---

KabatiLaBaba

Nimesoma nikiwa na binti pembeni. Tumekwangua kibandiko cha yule wa meno kumi na moja kwa sarafu. Tiki ya kijani, maua yanadondoka, hongera nyingi kwa Kiingereza kibovu. Binti akasoma anwani kwa sauti: herufi moja imezidi. Kwa hiyo ni rasmi, nimepigwa kitaalamu.

Nimemwandikia muuzaji anirudishie hela na nimemtumia picha ya meno. Amejibu kwamba mengine ni bonasi.

Shangazi, hilo la maboksi 37 umelisema mbele ya mke wangu, alikuwa anapita na chai. Ameomba nimsomee tena.

---

Shangazi_wa_Smiski

Msalimie wifi, mwambie katoni ni nafuu kuliko maboksi 37, hapo utakuwa unabana matumizi. Hao Dimoo mmoja ana kadi? Nina Sonny Angel mwenye kofia ya tufaha, kadi ipo, hajawahi kuona dirisha. Stroberi wenu bakini naye, mpigeni Dimoo picha na karatasi, niko tayari kusubiri.

---

KabatiLaBaba

Kadi zipo zote tatu. Stroberi haendi popote, binti amesema mwenyewe hapa. Lakini tufaha tunamtaka. Natangulia kutuma mimi, sifa zangu ni sifuri. Video anapiga binti, anasema mimi natetemesha simu.