Je, nipimwe figo ilhali sina dalili yoyote?

Mkazi wa Ipuli, Tabora:
Ndugu zangu, nina shinikizo la damu na dawa ninameza kila siku. Jirani yetu, ambaye msimu uliopita alikuwa bado analima tumbaku, sasa anasafishwa damu kwa mashine, nami nimeingiwa na hofu. Ugonjwa huu umeenea kiasi gani, na je, mtu asiyeumwa wala kuvimba ana haja ya kupimwa?

Fundi wa maabara, Kigoma:
Ndugu yangu, haja ipo. Duniani hukadiriwa kuwa mtu mzima 1 kati ya 10 ana ugonjwa sugu wa figo. Hapa nchini, utafiti wa mkoani Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta asilimia 7 ya watu wazima wanao, mijini wakiwa asilimia 15 na vijijini 2, na wengi wao hawakuwa na habari, kwa kuwa figo huweza kupoteza nusu ya uwezo wake bila mwenyewe kuhisi lolote.

Mwenye presha au kisukari hupaswa kupimwa walau mara moja kwa mwaka, damu na mkojo kwa pamoja. Kreatinini ya kwenye damu, yaani taka ya misuli inayotolewa na figo, hukokotolewa pamoja na umri na jinsia ili kujua kasi ya figo kuchuja damu, na mkojo huangaliwa kama una albumini, aina ya protini. Wengi hupimwa damu tu wakaridhika, jambo ambalo binafsi hunisikitisha, maana kreatinini yaweza kuwa ya kawaida huku protini imeshaanza kuvuja. Jibu moja baya nalo halitoshi: kasi ya uchujaji iliyo chini ya mililita 60 kwa dakika lazima idumu miezi 3 au zaidi ndipo uitwe ugonjwa sugu.

Mama wa Ujiji:
Sisi tusio na presha wala sukari tumesalimika?

Fundi wa maabara, Kigoma:
La hasha, mama. Katika utafiti huohuo, karibu nusu ya wagonjwa hawakuwa na presha, kisukari wala virusi vya UKIMWI. Hata hivyo, sishauri kila mtu apimwe; aanze mwenye ndugu wa damu mgonjwa wa figo, au anayemeza diklofenaki, dawa ya maumivu, mara kwa mara kwa ajili ya mgongo.

Mkazi wa Ipuli, Tabora:
Ahsante. Kliniki hunipima damu pekee. Safari hii nitaomba na mkojo, na diklofenaki ninazonunua dukani nitamtajia daktari.