Niliugua gono zamani, sasa mke hashiki mimba. Inahusiana?

Wakuu habarini. Nina miaka 34, nipo Mwanza, ndoa inaenda mwaka wa pili na hatutumii uzazi wa mpango wowote ila wife hashiki mimba. Nikiwa chuo niliugua gono, usaha, kukojoa moto, nikaenda duka la dawa nikapewa sipro usaha ukakata, baadae korodani ya kushoto ikavimba ikauma balaa, nikaona aibu kurudi, ikapoa yenyewe. Sasa hivi mama mkwe anamchemshia mke wangu midawa kila jioni. Nguvu ninazo kabisa, sina shida upande huo.

JIBU: Mkuu jogoo kuwika na kuwa na mbegu ni mambo mawili tofauti. Hapo kwenye korodani kuvimba ndo pa kuangalia. Gono au klamidia (ugonjwa mwingine wa zinaa) ikipanda juu inafika kwenye mrija uliojikunja nyuma ya korodani, mbegu zinakomaa humo, ikipona inaweza kuacha kovu njia ikaziba. Ila kama ni upande mmoja tu, wa pili mara nyingi unatosha, so usijihukumu. Kapime shahawa, kaa siku 2 mpaka 7 bila kumwaga, na sampo ifike maabara ndani ya saa moja. Kikija kibaya rudia baadae, hata homa kali inashusha mbegu kwa miezi kama mitatu.

JIBU: Acheni kutisha watu, mi niliugua gono na watoto ninao watatu.

JIBU: ^ Wewe ulitibiwa mapema, mwenzio ilishapanda. Na sipro kwa gono siku hizi hola, wadudu wameizoea, inachomwa sindano ya seftriaksoni halafu vidonge vya doksi siku 7 kwa ajili ya klamidia, ambayo wanaume wengi wanatembea nayo bila dalili yoyote. Mkapime wote wawili, maana kama kuna kilichobaki umeshampa na mirija yake ya uzazi nayo inaweza kuziba, hapo mama mkwe atachemsha mpaka mkaa uishe.

MUULIZAJI: Dah. Na zikisoma sifuri ndo basi tena?

JIBU: Sio basi. Kama ni njia tu imeziba korodani bado zinatengeneza, kuna vipimo vya homoni na ultrasaundi vya kuangalia hilo, halafu wanaweza kuzivuta kwa sindano, wakazichanganya na yai la mkeo maabara, ndo wakapandikiza. Ila jipange, hela yake ni ndefu. Anza na hicho cha shahawa, na uende wewe kabla madaktari hawajamgusa mkeo.