DJ wa harusi Lamu, nani kakuruhusu kumkata Zein beti ya kwanza? Na Malaika tangu lini ikawa ya Boney M?

Asalaam aleikum wadau. Nimeingia hapa usiku huu na hasira zangu zote, maana nikilala nazo zitanitia maradhi.

Alhamisi tulikuwa na harusi ya binti ya dada yangu, hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Usiku wa wanawake. Kijana wa muziki tulimweka nje ya pazia na spika zake, tukapatana shilingi elfu kumi na tano. Nilimpigia simu mara mbili kabla ya siku yenyewe. Nilimwambia wazi: watakuwako watu wazima, tuwekee taarabu ya zamani, ya udi, kile chombo cha nyuzi. Akanijibu, "Usijali mama, zote ninazo kwenye flashi."

Basi ikaja saa nne hivi, udi wa Zein l'Abdin, mwimbaji wetu wa taarabu, ukalia. Khalati yangu, ndugu wa mama, ana miaka sabini na kitu, magoti hayamtaki, lakini aliinuka mwenyewe bila kushikwa mkono. Alikuwa na noti yake mkononi anakwenda kumtunza bibi harusi. Beti ya kwanza ikaisha, kiitikio kikapita, tukingoja ya pili, mara wimbo ukakatwa! Ikaingia midundo ya kompyuta hata maneno hayasikiki. Khalati akabaki kati ya ukumbi, noti mkononi, akiuliza, "Mbona wamuondosha? Neno lenyewe halijafika."

Halijafika, kweli. Taarabu ni shairi, jamani. Mshairi anaanza mbali, anazunguka, anafumba, na lile alilokusudia analiweka mwisho. Ukimkata beti ya kwanza umesikia sauti tu, shairi hukulisikia. Na Zein si mtu wa kukatwa Lamu! Mzaliwa wa hapa hapa, alihamia Mombasa na huko ndiko alikofariki 2016, lakini Kiamu, Kiswahili cha Lamu, hakukiacha. Yeye na mshairi Sheikh Ahmed Nabhany, mwana wa Matondoni, walizifuata tungo za kale zikaimbwa tena watu wazisikie. Mna maneno mle ambayo wanangu hawayajui, na kama si zile nyimbo hata mimi nisingeyajua.

Nikatoka nje ya pazia kumuuliza. Akasema wimbo ni mrefu, watu watachoka. Nikamuuliza, unajua ni wa nani? Akainama kwenye kompyuta yake akanisomea: "Taarab Old 14."

Taarab Old 14! Mtu kaimba umri wake wote, kafa, kazikwa, na jina lake limekuwa kumi na nne. Kumi na tatu ni nani? Nilimwambia afungue, ikawa ni Juma Bhalo. Hakumjua. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki 2014, ambaye Pwani nzima ilikuwa ikimwita Profesa! Halafu kijana ananiambia, "Huo nilidhani ni wa Kihindi." Ndiyo, mahadhi aliyachukua kwenye filamu za Kihindi, na mwimbaji mwenziwe Maulidi Juma naye vivyo hivyo, hakuna aliyeficha. Lakini maneno ni Kiswahili cha Mombasa, na mengi ni tungo za Ahmad Nassir, jamaa yake Bhalo. Ukiondoa jina la mwimbaji umemwondoa na mshairi, na mshairi hata zamani alikuwa hatajwi vya kutosha.

Wala si huyu kijana peke yake. Desemba nilikuwa Malindi, hoteli moja ya ufuoni, tumealikwa na jamaa. Mshereheshaji kashika maikrofoni mbele ya wageni wa Italia na sisi wenyeji, akatangaza kuwa sasa utapigwa wimbo wa Boney M uitwao Malaika. Na watu wakapiga makofi! Boney M, kundi la Ujerumani, waliurekodi 1981. Fadhili William alikuwa ameurekodi Nairobi miaka ya sitini mwanzoni, Miriam Makeba akauchukua akauzungusha dunia nzima, akauimba hata na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965. Najua ugomvi wa nani aliyeutunga, wapo wanaosema ni Adam Salim na hoja zao wanazo. Bishaneni hapo, ni haki. Lakini katika ugomvi wote huo Boney M hawamo kabisa.

Dakika chache baadaye ukaja Jambo Bwana, naye akautangaza kuwa ni "wimbo wa asili wa Kiafrika." Asili gani? Una mwenyewe! Teddy Kalanda Harrison aliutunga, yeye na ndugu zake wa Them Mushrooms wakautoa 1982, vijana waliokuwa wakipiga kwenye mahoteli ya Pwani kama hiyo hiyo tuliyokaa. Kila usiku mnakula kwa wimbo wa mtu na jina lake hamlitaji.

Msiniambie vijana hawakufundishwa. Sisi tulifundishwa na nani? Redio ilikuwa ikitaja mwimbaji na kundi lake kabla ya wimbo na baada yake. Baba yangu alikuwa akirekodi kanda na kuandika kwa kalamu ya wino pembeni: Zuhura Swaleh, Malika, Maulidi Juma. Hakuwa msomi. Alijua tu kuwa kazi ya mtu haiwekwi bila jina.

Yule kijana nilimlipa zote, maana tulipatana, na ndilo linalonikereketa zaidi. Mwezi wa Shaaban tuna harusi nyingine. Nimeshasema nyumbani: DJ atakayekuja ataniletea kwanza orodha, jina la wimbo na jina la mwimbaji, na atakayekata wimbo wa udi kabla haujaisha ataondoka na spika zake bila senti.

Kanda za baba ziko sandukuni kwa khalati, nyingine karatasi zimeliwa na mende na majina hayasomeki. Kesho nitaanza kurekodi vipande kwa simu na kuviweka hapa hapa kwenye uzi. Mwenye kuijua sauti aseme ni ya nani, na mwenye kumjua mshairi amtaje pia.