Re: Chuo kimebadilisha masharti katikati ya kozi, nibonyeze "nakubali" au nigome?

Shikamoo wakubwa, na wengine habari zenu. Naombeni mawazo kabla ya Ijumaa. Niko Uingereza kwa viza ya mwanafunzi, nasoma kozi ya miaka miwili kwenye chuo binafsi, mwaka wa kwanza nimeshamaliza. Juzi wametutumia imeili kwamba kuanzia muhula ujao vipindi vingi vinahamia mtandaoni, moduli moja ambayo ndo ilinifanya nichague hiyo kozi imeondolewa, halafu kuna ada mpya ya mafunzo ya vitendo ambayo haikuwepo kabisa. Chini kuna linki ya "makubaliano mapya", usipobonyeza usajili wako "unaweza kusitishwa". Wenzangu karibu wote wamebonyeza. Mimi nafikiria nisilipe awamu inayofuata mpaka watuelewe. Nakosea?

---

Dada, usibonyeze kwanza, na usigome kulipa. Hayo mawili yaende pamoja, nitakueleza kwa nini.

Hiyo linki ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa England, mwanafunzi anayelipia masomo yake ni mlaji mbele ya sheria kama mlaji mwingine yeyote, na sheria yenyewe ni Consumer Rights Act ya 2015. Kifungu cha 50 kinasema yale uliyoambiwa au kuandikiwa kuhusu huduma, ukayategemea wakati wa kuamua kujiunga, yanahesabiwa kuwa sehemu ya mkataba. Na zile taarifa kuu ambazo chuo kinalazimika kukupa kabla hujajiunga, kama vile kozi ina nini ndani yake na bei yake yote ni kiasi gani, zikibadilishwa baadaye mabadiliko hayo hayana nguvu mpaka wewe uyakubali waziwazi. Sasa umeona kwa nini wanakukimbiza na linki? Kubonyeza kwako ndo huko kukubali waziwazi wanakokutafuta.

Watakujibu kwamba kwenye masharti yao kuna mstari unaosema chuo kinaweza kubadilisha kozi wakati wowote. Upo karibu kila mahali huo mstari. Lakini sheria hiyohiyo, kwenye jedwali lake la pili, inataja miongoni mwa masharti yanayoweza kuhesabiwa si ya haki yale yanayompa mfanyabiashara uwezo wa kubadilisha mkataba peke yake bila sababu ya msingi iliyoandikwa ndani ya mkataba wenyewe. Mamlaka ya ushindani na masoko, CMA, ilitoa mwongozo kwa vyuo vya elimu ya juu mwaka 2015 na kuupitia upya 2023, na inavitazama kwa jicho kali vipengele vipana vya aina hiyo. Sisemi kila badiliko ni haramu, mwalimu akiondoka akaletwa mwingine hiyo ni kawaida, ratiba kusogea kidogo nayo kawaida. Ila kukuondolea moduli uliyoifuata na kukuongezea ada juu yake, hapo wana kazi ya kujieleza.

Cha kufanya leo, kabla hata ya kuandika malalamiko: tafuta toleo la masharti lililokuwepo SIKU ULIYOKUBALI NAFASI. Si lile lililoko kwenye tovuti yao sasa hivi. Vyuo vingi vinabandika faili jipya juu ya la zamani kwa anwani ileile, ukifungua leo unasoma maneno ya leo halafu unadhani ndo uliyokubali. Rudi kwenye imeili ya kupewa nafasi, fungua kiambatisho, angalia chini ya ukurasa kwenye maandishi madogo, mara nyingi pana namba ya toleo au mwaka wa masomo. Usipolipata, weka anwani ya ukurasa wa kozi kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, inaweza kukuonyesha ukurasa ulivyokuwa miezi ile, pamoja na orodha ya moduli. Piga skrinshoti tarehe ikionekana. Na hiyo imeili ya juzi ihifadhi nje ya akaunti ya chuo, manake akaunti wakiifunga umeachwa mikono mitupu.

Halafu waandikie, kwa imeili si kwa simu. Fupi tu: nimepokea mabadiliko ya tarehe fulani, siyakubali, mkataba wangu ni toleo hili hapa nililoambatisha, nitaendelea kuhudhuria na kulipa kama tulivyokubaliana lakini kuendelea kwangu kusichukuliwe kuwa nimeridhia, naomba mnijibu kwa maandishi ni kipengele gani kinawaruhusu na mnanipa njia gani mbadala. Hiyo sentensi ya "kusichukuliwe kuwa nimeridhia" usiiache, kwa sababu ukikaa kimya darasani muhula mzima watasema matendo yako yameshakubali.

Sasa la kugoma. Dada, wewe uko kwa viza na chuo ndo mdhamini wako. Ukiacha kulipa wanaweza kukusimamisha masomo, na wakikuondoa kwenye usajili wanalazimika kutoa taarifa uhamiaji, baada ya hapo viza yako inaweza kufupishwa huku wewe bado unabishana kuhusu moduli. Ungekuwa mkaazi wa kudumu ningekwambia kitu kingine. Lipa awamu ya zamani kwa tarehe yake ya zamani, ile ada mpya peke yake ndo uizuie na uandike sababu. Na hilo la vipindi kuhamia mtandaoni waulize kwa maandishi linaathiri vipi udhamini wako, kwa sababu viza ya mwanafunzi imekusudiwa kwa mtu anayehudhuria darasani. Swali hilo huwa linawaamsha haraka kuliko mengine yote.

Wakikukatalia, pitia hatua zao za malalamiko mpaka mwisho hata kama zinachosha, ukiruka hatua huku nje watakurudisha. Mwisho wake wakupe barua inayoitwa Completion of Procedures Letter, yaani ya kuthibitisha umemaliza hatua zao zote, iombe kwa jina hilohilo. Ukiwa nayo una miezi 12 kupeleka kesi Office of the Independent Adjudicator, OIA, chombo huru kinachosikiliza malalamiko ya wanafunzi dhidi ya vyuo, ni bure kwa mwanafunzi na huhitaji wakili. OIA ni ya England na Wales na kwa vyuo vilivyo mwanachama tu, kwahiyo tafuta jina la chuo chako kwenye orodha yao kwanza. Kama hakimo, piga Citizens Advice, shirika linalotoa ushauri wa bure, na baada ya hapo kuna mahakama ya madai madogo, kwa England na Wales kikomo ni pauni 10,000.

---

Habari wote, naongezea kwa walioko Australia kwa sababu huku mambo ni tofauti kidogo. Sisi wanafunzi wa kimataifa tunalindwa na sheria ya ESOS ya 2000, inayohusu elimu kwa wanafunzi wa kutoka nje, na kanuni zake, National Code 2018. Lazima kuwe na makubaliano ya maandishi kati yako na chuo, na ukilalamika ndani, chuo kinatakiwa kuendelea kukuweka kwenye usajili wakati lalamiko linashughulikiwa. Kozi isipoanza siku iliyokubaliwa au ikikatishwa kabla hujamaliza, chuo kina siku 14 kukutafutia kozi mbadala utakayoikubali au kukurudishia ada ambayo haijatumika, kikishindwa unaenda Tuition Protection Service, mpango wa serikali unaowasaidia wanafunzi ambao chuo kimewaangusha. Ila watu wanachanganya hapa: kubadilishiwa ratiba au jengo peke yake si kukatishwa kozi, hiyo ni ya kulalamika kawaida. Na kama hujamaliza miezi 6 ya kozi yako kuu, usikimbilie chuo kingine kabla hujasoma kanuni ya kuhama, mtaani huku kuna maajenti wanakwambia "njoo tu, tutapanga" halafu unabaki huku wala kule.

---

Na sisi ambao mkataba hatukuuona kabisa je? Mimi nilijaza fomu mtandaoni, mengine yote nilielezwa na ajenti kwa WhatsApp, ikiwemo kwamba ada haitapanda. Nalia na nani? Niko Uingereza pia.

---

Kaka, hali yako si mbaya kama unavyodhani. Kifungu nilichotaja kinahusu yaliyosemwa na chuo AU kwa niaba yake, sasa kama ajenti alikuwa anakitafutia chuo wanafunzi kwa idhini yake, maneno yake yana uzito, mradi uonyeshe ndiyo uliyoyategemea kuamua. Hamisha mazungumzo yote ya WhatsApp nje ya simu, sauti pia, si skrinshoti ya meseji moja moja, kwa sababu watauliza kabla na baada yake palisemwa nini. Na waandikie chuo wakupe masharti unayodaiwa kuyakubali pamoja na rekodi ya lini uliyakubali, una haki ya kuomba taarifa zako binafsi walizonazo na kwa kawaida wanapaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja.

Kitu kingine, mlilipaje? Kama hata sehemu ya ada ililipwa moja kwa moja kwa chuo kwa kadi ya mkopo, na kozi inagharimu zaidi ya pauni 100 lakini haizidi 30,000, kifungu cha 75 cha Consumer Credit Act ya 1974 kinakuruhusu kuidai kampuni ya kadi kama unavyokidai chuo. Kadi ya kawaida ya benki haiingii hapo. Na kama pesa ilipita kwa ajenti kwanza hiyo njia inaweza kukatika, ndo maana siku zote nasema lipeni chuo wenyewe.

---

Asante sana kaka na wote. Linki sijabonyeza, imeili nimeituma mchana huu na toleo la zamani nimelipata kwenye kiambatisho, lina mwaka wa masomo chini kabisa kama ulivyosema. Wenzangu wawili waliobonyeza wanauliza kama wamechelewa?

---

Huenda hawajachelewa, ila waandike leo. Waseme walibonyeza kwa sababu walitishiwa kusitishiwa usajili, waambatishe ile imeili yenye tishio. Mkiwa wengi lalamikeni pamoja, lakini kila mmoja aandike aya yake ya hasara aliyoipata yeye, nani amepoteza moduli, nani ana mtoto na hawezi muda mpya, manake barua moja iliyonakiliwa mara kumi inajibiwa kwa jibu moja la kunakili.