Mama ana miaka 74, kutwa mtori wa ndizi tu, nimuongezee nini?

Binti wa Kibosho: Habarini wakuu. Mama yangu meno yamepungua, basi asubuhi mtori jioni mtori, nyama anaitoa pembeni anasema ngumu, na mikono imekonda kweli. Naambiwa ninunue vidonge vya vitamini ila mimi nataka chakula cha kawaida. Nianzie wapi?

Mkulima Kiboriloni: Pole dada. Mtori sio mbaya, shida ni protini, uzeeni misuli inapungua kwahiyo kwa siku anahitaji kama gramu 1 mpaka 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, na yai moja lina kama gramu 6 tu. Nyama ichemshe mpaka iachane ndo uiponde humo humo na ndizi, halafu kila siku kikombe cha maziwa mgando.

Nesi mstaafu: Mwanangu nenda soko la Mbuyuni chukua dagaa wakavu, chambua mchanga, osha, kausha, kaanga bila mafuta kisha saga unga laini, kijiko kwenye mtori au mboga ya mnafu. Wanaliwa na mifupa yao, kalsiamu ndo ipo hapo. Ila ndizi na mnafu havina vitamini B12, hiyo tafuta kwenye maini, samaki, mayai. Mama ana sukari? Metformin, ile dawa ya sukari, ikitumika muda mrefu inaweza kushusha B12, apimwe. Na figo zikiwa na shida usiongeze protini kabla daktari hajasema.

Binti wa Kibosho: Asanteni sana, ndiyo anaitumia hiyo Metformin. Jumatatu nampeleka akapimwe, dagaa naanza kesho.